Maji Yaliyomo Ndani ya Bisi

Siku moja hunijia kila ninaposikia bisi zikilia ndani ya sufuria, na kwa kuwa jana umeniuliza, mwanangu, kwa nini zako zinabaki ngumu kwenye hilo jiko lako la gesi, acha nikuandikie. Usitegemee maandishi mazuri. Shule niliishia darasa la nne, mengine nikayaokota kwenye kisomo cha watu wazima, na huenda nikachanganya mambo.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, nami ni bi arusi mpya hapa Kitete. Mama mkwe wangu, Bi Nyamizi, alikaa Kwihara, akilima huko mahindi ya bisi, yale ya punje ndogo. Binti yake wa mwisho, wifi yangu Zuhura, alikuwa akiishi nasi mjini, na washenga walikuwa waje kwetu kumposa. Bi Nyamizi alishawaahidi bisi zake za asali, maana sukari wakati ule ilikuwa ya foleni. Akaniletea mahindi mapema, akasema mkaangaji ni mimi. Nilijua maana yake. Mle ndani nilikuwa bado naitwa mgeni, na bisi zile ndizo zingenipa jina, au zingeninyima.

Basi nikataka kumfurahisha. Kwetu Goweko nilikua nikiambiwa hakuna mahindi yaliyokauka kupita kiasi. Ukiyatia ghalani na unyevu, yanaoza. Nikayapukuchua, nikayaanika juu ya bati juani siku hata siku, mpaka yakawa yanalia mkononi kama shanga. Hakuna aliyenituma.

Washenga wakafika, wakatandikiwa mkeka, wakapewa kahawa. Nikabandika sufuria nzito, nikatia mafuta na mahindi, nikafunika, nikasubiri mlio. Zikapasuka chache, kwa unyonge. Nyingine zikawa zinabadilika rangi tu. Zuhura akafunua, akachungulia.

"Wifi, unawakaangia wakwe zangu bisi au kokoto za reli?"

Niliumia, ila nisimwonee: posa ilikuwa yake, na sauti ile ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia.

Bi Nyamizi akaja kuona kinachochelewesha. Akatia punje moja mdomoni, akaitafuna taratibu, akaniuliza kama niliyaanika tena. Nikaitika, nikingoja anitoe jikoni. Badala yake akaipua sufuria na kumwambia Zuhura alete kinu na karanga. Tukazitwanga punje zile pamoja na karanga, akachanganya asali na chumvi kidogo, akaviringa matonge madogo, akayapanga kwenye sinia na kulipeleka mwenyewe. Nikamsikia akiwaambia wageni kwamba mkamwana wake leo amewapikia chakula cha wapagazi, kile walichofunga wazee wetu kwenye nguo wakielekea pwani, maana posa nayo ni safari. Wakacheka, wakala. Kama walikipenda kweli au ilikuwa adabu tu, sijui. Sinia lilirudi tupu, hilo naweza kuapa. Na Zuhura aliposwa.

Walipoondoka, Zuhura akamuuliza mama yake kwa nini amenipamba vile, wakati nimeharibu.

"Bisi haipasuliwi na moto," Bi Nyamizi akasema. "Inapasuliwa na maji kidogo yaliyomo ndani yake. Wifi yako aliyafukuza kwa jua, kwa kutaka kutenda mema. Nami ningemkaripia mbele ya wageni, ningemkausha yeye vilevile. Kesho angepasuka vipi?"

Kisha akanionyesha dawa. Mahindi yaliyosalia akayanyunyizia maji, kiasi cha kulowa tu, akayatia chupani, akaziba. Nikawa naitikisa kila nipitapo. Baada ya siku kadhaa nikayakaanga, na kifuniko kiliinuka chenyewe. Zuhura ndiye aliyekula nyingi.

Kwa hiyo fanya vivyo hivyo, mwanangu. Tia mafuta, na punje mbili tatu za kujaribia. Zikipasuka, mimina nyingine, funika, tikisa sufuria. Mlio ukianza kupunguka, ipua. Chumvi nyunyiza zingali moto; asali ipashe kando, uimimine mwisho, maana ukiitia mapema itaungua.

Na hao watoto wako, maana nilikusikia jana ukimfokea mkubwa mbele ya wenzake. Sisemi umekosea kumkanya; wazee walisema udongo uuwahi ungali maji. Ila angalia, wamesema ungali maji. Kanya, lakini faraghani, na ukimaliza mwachie unyevu kidogo wa kesho. Mimi mwenyewe sikufanikiwa kila mara, nawe ni shahidi wangu.

Mungu aijaze nyumba yako milio ya bisi na vicheko, akupe mkono unaojua wakati wa kuipua sufuria, na kila uliyemstiri leo akustiri uzeeni. Amina.