Ijumaa Tuliyofungua Upya Tovuti ya Safari

Ijumaa tuliyofungua upya tovuti yetu, shangazi aliosha kompyuta. Alichukua kitambaa chenye maji ya sabuni akaifuta juu, chini na pembeni, kwa sababu alisikia wageni wataingia humo na hakutaka waikute na vumbi. Mdogo wangu wa kike, aliyeinamia kompyuta hiyo miezi yote, aliinyakua mikononi mwake.

"Shangazi, wanaingia kwa simu zao!"

"Wakiingia kwa simu ndiyo wasione uchafu?"

Mimi ni dalali wa safari. Kijiwe changu kiko Chikongola, hapa Mtwara, na kazi yangu ni kumtafutia mgeni gari, chumba na mtu wa kumfikisha anakotaka, kisha kuhesabu mabegi mara mbili, wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Tovuti niliianzisha kwa uvivu. Nilichoka kuulizwa maswali yale yale na kila anayeshuka stendi, nikaweka ukurasa mmoja wa kijani kinachoumiza macho, watu wa huku wakawa wanaandika habari za njia. Msimbati mchanga umelainika. Kilambo kivuko kimesimama leo. Mikindani kuna chumba chenye feni inayozunguka kweli. Mgeni anasoma, anapanga safari yake, na anaponipigia anajua mengi kuliko mimi. Hao waandishi ndio waliokuwa tovuti yenyewe. Mimi nilikuwa na ukuta tu, wao ndio walioandika ukutani.

Mdogo wangu alisomea mambo hayo Dar, akafanya kazi huko, kisha akarudi Rahaleo kwa shangazi na kuniambia ukurasa wangu unafanana na tangazo la dawa ya mende. Akaamua kuubuni upya. Kila kitu tulikipata kwa kubishana, maana mimi sichukui hata hewa kwa bei ya kwanza. Nilitaka maandishi makubwa, yeye madogo, tukakutana katikati. Nikamwachia picha ya mbele kwa sharti kwamba ramani ifunguke hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nikaomba kijani changu kibaki. Hapo aliniangalia tu, nikajua soko limefungwa.

Jambo moja halikuzua ubishi wowote. Aliweka mlinzi ndani ya tovuti, yaani programu inayosoma maoni kabla hayajaonekana. Maoni yenye matusi yanawekwa pembeni mpaka mtu ayakague.

"Wageni watasoma na watoto wao," alisema.

Nani atabishana na adabu? Tukamjaribu huyo mlinzi. Yeye akaandika, "Asante kwa taarifa nzuri." Mimi nikaandika, "Karibuni sana Mtwara." Yote yakapita. Tukapeana mikono kama mawaziri.

Sasa, kulikuwa na Dodoma. Ofisi moja ya huko ilikuwa imempa mdogo wangu kazi nzuri, yenye kiti cha kuzunguka, na ilitaka jibu Ijumaa hiyo hiyo, mwisho saa kumi jioni. Yeye alitaka kubaki nyumbani, na alisema hivyo waziwazi. Alichokataa ni kubaki akilinda nyumba isiyo na watu. Kwa hiyo tukakubaliana: tunafungua baada ya sala ya Ijumaa, na waandishi wetu wa zamani wakirudi kuandika kabla ya saa kumi, anabaki. Wasiporudi, Jumatatu yumo kwenye basi. Nilijaribu kumvuta mpaka magharibi.

"Kaka, Dodoma si Chikongola," alinijibu. "Saa kumi yao ni saa kumi."

Tulikaa sebuleni kwa shangazi na sahani ya vitumbua, bakuli la korosho na jagi la ukwaju. Saa nane akabonyeza kitufe. Ile sura mpya ikatokea, nyeupe, safi, na picha yake ya bahari mbele, nikajikuta nimesimama. Pembeni kulikuwa na namba inayoonyesha watu walioingia. Ikaanza kupanda. Ikapanda tena. Nilimpiga mdogo wangu begani, akanipiga mimi, shangazi akapiga kigelegele mpaka jirani akauliza dirishani kama mtu amejifungua.

Kisha tukatazama chini, kwenye maoni. Hakuna kitu.

Tukasubiri. Nikaangalia mara ya pili, kama kawaida yangu. Hakuna. Halafu yakatokea maoni ya kwanza: "Hongera mwanangu, Mungu akuzidishie."

Mdogo wangu aliruka. "Nani huyu?"

"Mimi," alisema shangazi kutoka kwenye kochi, simu mkononi.

Baada ya hapo, kimya. Watu wanaingia, wanazunguka mle ndani, hawasemi neno.

"Labda hawana bando," alisema shangazi.

"Wameingiaje bila bando?"

"Basi wako msikitini."

"Shangazi, watu wametoka msikitini zamani."

"Wapo wanaosali polepole."

Saa tisa na nusu mdogo wangu alivuta kompyuta na kuanza kuandika barua kwenda Dodoma, kwa Kiingereza kizuri cha ofisini. Nilimwona mgongo wake ukilegea. Miezi yote ile hakuwa amekaa hivyo hata mara moja.

"Subiri kidogo," nikamwambia.

"Unaniuzia nini sasa, kaka?"

"Nusu saa tu."

"Sinunui."

Ndipo tukasikia bajaji ikifunga breki nje, na sauti tunayoijua ikifika kabla ya mwenyewe.

"Wala panya, mmo humu ndani?"

Alikuwa dereva wa bajaji, Myao, mtani wetu. Sisi ni Wamakonde, na kati yetu na Wayao utani ni wa tangu mababu: ana ruhusa ya kunitukana hadi kwenye msiba wangu, na mimi kwenye wake, na hakuna anayekunja uso. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeandika kwenye ule ukurasa wa kijani habari za njia ya Kilambo, kwa sababu ukweni kwake ni huko. Safari hii uso ulikuwa umekunjwa kweli. Alivua viatu kwa hasira, kimoja huku, kimoja kule.

"Mmeanza lini kiburi?"

"Kiburi gani, mtani?"

"Nimewatukana tangu saa nane! Nimewatukana vizuri, kwa moyo wangu wote, na nikarudia. Hakuna aliyejibu. Hata kuonekana sionekani! Nimemwacha abiria na gunia lake sokoni nije niulize, utani umekufa au nimewakosea nini?"

Mdogo wangu aliinuka taratibu. "Umetutukana wapi?"

"Si humo kwenye limashine lenu jipya!"

Aliiacha barua katikati ya sentensi. Akafungua sehemu ya nyuma ya tovuti, kule mlinzi anakoweka aliowakamata, na sote wanne tukabanana mbele ya kioo. Mlinzi alikuwa amekamata mkoa mzima.

Ya kwanza yalikuwa ya mtani wetu mwenyewe: "Wezi wa mihogo nyie, mmepaka rangi mpya kama bwana harusi mzee. Njia ya Kilambo iko sawa mpaka kijijini, mbele yake mchanga mtupu, mwenye kigari kidogo akileta ujinga atasukuma mpaka mtoni."

"Hayo mimi!" alisema kwa fahari. "Soma ya pili, ya pili ndiyo tamu."

Chini yake Mmakua mmoja, mtani mwingine, mwenye gari la abiria la Msimbati: "Mtumwa wangu, nani kakuruhusu kupendeza bila kuniuliza? Ufukweni gari zipite maji yakitoka. Yakijaa mtaogelea na mabegi yenu, wapumbavu."

Mwingine: "Walafi wa samaki nchanga," yaani panya wa shambani, ambao sisi hatuwakani, "kile chumba cha Mikindani mnachokisifia feni imekufa. Iondoeni hiyo sifa kabla hamjampika mgeni."

Na bibi mmoja wa Mikindani, rafiki wa marehemu bibi yetu, alimwandikia mdogo wangu moja kwa moja: "Mke mwenzangu, mchawi wewe, nasikia umerudi kuniibia mzee. Tovuti nzuri, sura yako bado. Waambie wageni pweza ni asubuhi. Wakija mchana watakula hadithi."

Hapo mdogo wangu akacheka. Alicheka akiwa ameziba mdomo, kisha akauachia, kisha akakaa sakafuni. Shangazi alitaka yasomwe tena kwa sauti, na kwa kila tusi mtani wetu alijipiga paja kama aliyelisikia kwa mara ya kwanza. Mimi nikaanza kuhesabu. Nilihesabu mara ya kwanza, nikahesabu mara ya pili, nikapata namba nyingine. Nikahesabu tena, ikawa nyingine. Walikuwa wanaingia nikiwa bado nahesabu! Mabegi hayajawahi kunifanyia hivyo.

"Dar ilinisafisha," alisema mdogo wangu akifuta machozi. "Nimesahau watu wa kwetu wanavyosalimiana."

Simu yake ikaita. Dodoma, kabla ya saa kumi, waaminifu kabisa. Alisimama, akanyoosha gauni kana kwamba bwana wa ofisi ile anamwona.

"Shikamoo. Ndiyo, nimefikiria. Nashukuru sana kwa nafasi hiyo, lakini naomba nibaki huku." Akasikiliza. "Hapana, si mshahara." Akasikiliza tena, akatuangalia, akashindwa kujizuia. "Kuna watu wananisubiri niwatukane."

Sijui yule bwana alisema nini. Najua simu ilikatwa kwa upole, na shangazi alipiga kigelegele cha pili, na jirani safari hii hakuuliza dirishani, alikuja mwenyewe na kula vitumbua.

Mdogo wangu alifuta barua ya Dodoma, akayafungulia maoni yote yaliyokamatwa, kisha akaandika jibu lake la kwanza kwa mtani wetu, ambaye alikuwa amekaa pale pale akisubiri kulisoma kwenye simu yake. Shangazi alivaa miwani, akasoma begani kwa mdogo wangu, akatikisa kichwa.

"Futa. Hilo tusi ni la Dar, halina chumvi. Anza na miguu yake."