Mikono Nyuma: Jinsi Nilivyokwenda Biharamulo Kusomea Yoga

Nilikwenda Biharamulo kwa sababu ya mgongo wa mdogo wangu Gervasi. Wapo wanaosema nilifuata cheti. Cheti nilikitaka pia, sikatai, lakini cheti peke yake hakiwezi kumtoa mtu kama mimi nyumbani wakati wa kuvuna maharage.

Kwa wasionijua, mimi ni Sipriani wa Keza, muunga mifupa. Shule niliiacha darasa la pili, nikalelewa na mbuzi wa watu, na leo nyumba yangu ina bati. Ilipata bati kabla ya ofisi ya kijiji, na mwenyekiti alinisamehe baada ya muda. Mikono hii imerudisha mabega na viwiko kutoka Keza hadi Kanazi. Aliyeanguka mtini, aliyekanyagwa na ng'ombe, aliyepigwa na mkewe, wote walikuja kwangu. Dawa yangu ilikuwa moja tu, kuvuta. Mfupa ukikataa, unavuta tena.

Gervasi alikwenda vitani na mgambo wa kwetu. Hakupigwa risasi. Lori la mizigo lilipinduka naye huko Kagera, na vita vilipokwisha akarudi anatembea kwa fimbo, mgongo umepinda kama mundu. Nilimlaza kwenye mkeka, nikamwambia mkewe Koleta amshike mabega, nikavuta miguu. Alikuwa amekuja kwangu kwa miguu yake. Aliondoka kwa machela.

Miezi miwili alilala ubavu, uso umeelekea ukutani. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia maneno matano: "Kaka, mikono yako isinifikie tena." Watu waliponiuliza, niliwaeleza kuwa lori lile lilikuwa baya sana.

Ndipo ikaja barua kutoka wilayani. Hospitali moja ya Biharamulo ilikuwa inafundisha kutibu migongo na vifua kwa njia inayoitwa yoga, maana majeruhi walikuwa wengi na dawa hakuna. Kata yetu ipeleke mtu mmoja. Nilifika ofisini kwa katibu kabla hajamaliza kuifungua bahasha.

"Ndugu Sipriani," akasema, "wanataka mtu anayejua kusoma."

"Ninasoma."

"Unasoma nini?"

"Chochote kilichoandikwa kwa herufi kubwa."

Akaniandika. Nadhani alikuwa amechoka.

Siku ya kuondoka nilitoka Keza alfajiri, ugali wa muhogo ndani ya kitambaa na mkeka mpya begani, kwa sababu barua ilisema kila mwanafunzi aje na mkeka. Vita vilikuwa vimekwisha lakini vizuizi vilikuwa bado. Nilipofika barabara kubwa, mgambo mmoja alinisimamisha, akautazama ule mkeka uliokunjwa kama anayetazama bunduki.

"Hicho nini?"

"Mkeka."

"Ufungue." Nikaufungua. Akaupapasa wote. "Unakwenda kulala wapi?"

"Biharamulo. Nakwenda kusomea kulala."

Aliisoma barua yangu mara mbili, akamwita mwenzake naye akaisoma. "Pita, ndugu," akasema. "Ukifaulu uje utufundishe, sisi hapa hatulali."

Nyakanazi nilifika jioni juu ya lori la pamba, nikakaa hapo siku mbili kwa sababu lori liliishiwa mafuta na Nyakanazi nayo ilikuwa haina. Wakati ule palikuwa njia panda tu, vibanda vichache na vumbi. Mama mmoja aliuza uji na chai isiyo na sukari, na kila aliponimiminia niliona anaigeuza shingo pamoja na mwili mzima, kama bundi aliyezeeka.

"Mama, hiyo shingo naimaliza sasa hivi," nikamwambia. "Mimi ni Sipriani wa Keza."

"Simjui."

"Navuta mara moja tu."

"Baba, shingo inauma lakini inageuka. Iache hivyohivyo. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Niliona ni mtu asiye na bahati.

Siku ya tatu mafuta yalipatikana, sikuuliza wapi. Msituni kabla ya Biharamulo kuna kizuizi cha mbung'o. Bwana wa serikali alilizunguka lori na kiwavu chake kidogo akitafuta nzi, akakamata watatu. Mmoja alikuwa mgongoni kwangu, na aliponipiga pale alisema samahani baadaye.

Biharamulo mafunzo yalikuwa katika ukumbi wa hospitali, wiki sita. Tulikuwa wauguzi na matabibu wasaidizi, na waunga mifupa wawili, mimi na Masanja, Msukuma aliyehama na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Masanja ana mikono kama makasia. Nilifurahi kumwona, maana kati ya wauguzi wale wenye kalamu mifukoni nilihitaji mtu wa kumshinda.

Mwalimu aliingia nikadhani ni mgonjwa. Alikuwa mama wa Kihindi kutoka Mwanza, Mama Savitri, umri wa kuitwa bibi, uzito wa kuku wawili. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akainama akaweka viganja chini bila kukunja magoti. Kiswahili chake kilinishinda mimi, jambo ambalo sikulitaja kwa mtu.

"Yoga siyo sarakasi," alisema. "Mgonjwa atajitibu mwenyewe kwa pumzi na kwa kujikunjua polepole. Ninyi mtamwonyesha, mtamngoja."

"Tutamngoja mpaka lini?" niliuliza.

"Mpaka awe tayari."

Niliandika: ngoja. Nilitumia herufi kubwa.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya pumzi. Kila mtu alale chali na kifuko cha maharage juu ya kitovu, avute hewa kifuko kipande, aitoe kifuko kishuke. Mimi nimepitia mafunzo ya mgambo. Najua kuwa watu wakiambiwa wafanye jambo pamoja, mmoja hushinda. Niliivuta hewa, nikaizuia, nikawasikiliza wengine wakiachia mmoja mmoja, hata Masanja. Nilipozinduka nilimwona Mama Savitri ananipepea na daftari langu.

"Baba Sipriani, ulikuwa unafanya nini?"

"Nimeshinda."

"Nani?"

"Wote."

"Maharage yamemwagika," akasema. "Okota, uanze upya."

Wiki ya pili akatufundisha kupumzika. Baada ya mazoezi mgonjwa analala chali, miguu imenyooka, viganja juu, macho yamefumbwa. Alitueleza kuwa kwao Uhindi mkao huo unaitwa maiti. Muuguzi mmoja akainuka akaenda dirishani. Masanja akakaa kitako.

"Mama, mimi silali hivyo," akasema. "Kwetu anayelala hivyo tunamletea jembe."

"Kwetu pia," nikasema. Hilo tuliafikiana wote, Msukuma, Msubi, Mhangaza, aliyebatizwa na asiyebatizwa. Watu wa miaka ile walikuwa wamekwisha kulia vya kutosha, hakuna aliyetaka kurudi kijijini na kumlaza majeruhi wa vita kama maiti mbele ya mama yake.

Mama Savitri alifikiri. "Mtu wa kwenu akila akashiba, analalaje?"

Masanja akamwonyesha, ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kidogo, mkono chini ya shavu.

"Basi ni hivyo. Mkao wa aliyeshiba."

Tulilala kama walioshiba. Mwaka ule ilikuwa ni kumbukumbu tu, lakini ilisaidia.

Wiki ya tatu tulianza na wagonjwa wa kweli, na hapo matatizo yangu yakaanza. Mgonjwa wangu alikuwa dereva mwenye kiuno kigumu. Mama Savitri aliniambia nimwonyeshe jinsi ya kusimama kwa magoti na viganja, ajipinde kama paka na kujinyoosha. Nikamwonyesha. Yule dereva akajipinda kidogo tu, nusu ya nusu, na mikono yangu ikatoka yenyewe ikamshika nyonga. Akapiga yowe lililofika wodini.

"Mikono nyuma," akasema Mama Savitri.

Mara ya pili ikatoka tena. Mara ya tatu alikuja na bendeji, akanifunga viganja mgongoni mbele ya darasa. Wauguzi wakacheka. Masanja akasema, "Mzee wa bati umekamatwa kwa ulanguzi?" Nilifundisha wiki mbili nimefungwa hivyo. Sijawahi kuaibika vile. Yule dereva, wiki hizo mbili, alikwenda kutoka nusu ya nusu hadi kugusa vidole vyake vya miguu, na hakuna aliyemgusa.

Wiki ya mwisho tuliketi duara. Mama Savitri akasema hatoi cheti kwa mganga asiyeweza kumtaja mgonjwa mmoja aliyemwumiza. Muuguzi mmoja alitaja sindano. Tabibu alitaja mtoto, akashindwa kumaliza. Masanja, na ukubwa wake wote, alimtaja baba yake mzazi na nyonga aliyoivunja akijaribu kuiunga. Zamu yangu ikafika.

"Mimi sina," nikasema.

"Fikiri."

"Nimefikiri. Yupo mdogo wangu, lakini yeye ni lori."

Hakugomba. Wenzangu walipewa vyeti vyenye mhuri. Mimi nilipewa barua, na barua ilisema nimehudhuria wiki zote sita, na chini yake kwa mkono wake, kwa herufi kubwa ili nisiwe na sababu: AKAMALIZIE KWA MGONJWA WAKE.

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, ingawa mafuta yalikuwepo. Masanja alinisindikiza hadi kwenye lori. "Kaka," akaniambia, "mimi baba yangu amekwisha kufa. Wewe wako anasikia." Nikamwambia barua yangu ina maneno mengi kuliko cheti chake. Akakubali.

Nyakanazi nilimkuta mama wa chai. Niliweka mikono nyuma, nikamwomba avute pumzi, aitoe, na anapoitoa ageuze kidevu kuelekea begani, aishie pale panapoanza kuuma. Akafanya mara kumi huku uji unaungua. "Mbona leo huvuti?" akauliza. "Nimesoma," nikasema. Alinipa chai bure, nayo bado haikuwa na sukari.

Keza nilifika mchana, nikaenda moja kwa moja kwa Gervasi kabla ya nyumbani kwangu. Niliingia uani mikono imefungamana mgongoni, kwa mazoea ya wiki zile. Koleta aliangusha ungo wa unga.

"Shemeji! Wamekukamata?"

"Hapana. Ndivyo tunavyosoma. Yumo?"

"Atakuwa wapi?"

Nilisimama mlangoni. Alikuwa amelala vilevile, uso ukutani, amekonda. Nilikuwa nimepanga kumweleza habari za Mama Savitri na jinsi nilivyowashinda wote kwa pumzi. Nilianza. Aliacha niendelee kidogo.

"Kaka," akasema bila kugeuka, "lori lilinipa fimbo. Machela nilipewa na nani?"

Koleta alikuwa nyuma yangu, na majirani wawili waliokuja kutazama mtu aliyekamatwa. Nilisikia kuku wakidonoa ule unga uliomwagika. Nimeinua mabega ya watu wazima, nimebeba bati kichwani kutoka Ngara mjini, lakini maneno yale yalikuwa mazito kuliko bati.

"Mimi," nikasema. "Nilikuvuta. Ulilia nikavuta tena. Nilikuharibu mimi, siyo lori."

Gervasi alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza niliitazama kwa macho ya mtu aliyesoma: ilikuwa inaishia shingoni, haishuki. Miezi yote ile alikuwa amelala anaogopa.

"Ulijifunza nini huko?" akauliza.

"Kungoja."

"Basi keti, ungoje."

Niliketi kizingitini. Tulianza na kifuko cha maharage, maana hicho hakimgusi mtu. Kila siku nilikwenda baada ya kazi ya shamba la kijiji, nikakaa palepale, mikono nyuma, nikisema vuta, toa. Siku nyingine alifanya, siku nyingine alinifukuza. Maharage yakapandwa, yakachanua. Alianza kulala kama aliyeshiba, kisha kuketi, kisha yule paka, nusu ya nusu. Watu walisema Sipriani siku hizi anatibu kwa kukaa. Niliwaambia ndiyo, na wajaribu wao kama wanaweza.

Wakati wa kuvuna nilikuwa uani kwangu nachambua maganda, nikasikia fimbo njiani. Gervasi alikuja peke yake, polepole, akisimama kupumua kila hatua chache. Akaketi kwenye kigoda changu bila kusema hodi. Tulizungumza habari za mvua. Aliitazama ile barua ya Mama Savitri, niliyoiweka kwenye fremu juu ya mlango, akaisoma yote mpaka chini.

"Hujapewa cheti bado?"

"Sijarudi kukidai."

Alipotaka kuondoka, kigoda kilikuwa kifupi. Alijaribu mara moja, akakaa tena. Mimi mikono ilikuwa nyuma kabla sijaiambia.

"Nipe mkono," akasema.

"Mimi sivuti tena, Gervasi."

"Nani kakwambia uvute? Shika tu."

Nikaunyoosha. Akaushika, akavuta pumzi, ikashuka mpaka tumboni, nikaiona. Akasimama mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa pale tu.