Matofali ya Nyumba ya Theopista

Theopista aliingia katika ile nyumba akiwa bi harusi, ametoka kwao Kasansa, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvua mlangoni viatu alivyoazimwa na dada yake. Mumewe, Isidori, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, imesuguliwa ikang'aa, na yule binti hakuwahi kukanyaga sakafu ya namna ile. Aliogopa kuichafua.

Yalikuwa makazi ya wafanyakazi wa mgodi wa madini ya risasi, pale Mpanda, upande wa Misunkumilo: nyumba zimepangwa mstari, kila moja na vyumba viwili na jiko la nyuma lenye bomba la moshi. Isidori alikuwa mmoja wa vijana waliofyatua na kuchoma matofali yake kabla hajapewa kazi mgodini. Yalikuwa matofali makubwa, yameiva vizuri, ukiyagonga yanalia kama sufuria.

Mgodi ulipofungwa, wenzao walipanda treni wakarudi makwao. Nyumba zikabaki tupu, zikaanza kuliwa kidogo kidogo. Mara bati limeondoka, mara mlango, mara ukuta mzima. Isidori na Theopista waliruhusiwa kubaki, wakalima mahindi na karanga. Watoto wao wawili wa kwanza hawakuishi. Wa tatu, Shadrack, alizaliwa chumba cha nyuma, mwembamba kama kidole, akaishi. Tangu hapo Theopista alipofungua dirisha asubuhi alisema "asante" kwa sauti, na Isidori hakumuuliza hata mara moja anamshukuru nani.

Isidori alifariki mwaka tisini na moja, na wakati huo katika mstari wote ilikuwa imebaki nyumba yao tu. Kisha zikaja zile mvua za mwisho wa tisini na saba zilizoitwa El Nino. Maji yalichimba msingi polepole, na mchana mmoja ukuta wa chumba cha nyuma ukalala chini. Theopista alikuwa kisimani. Aliporudi alisimama akiutazama, ndoo imejaa kichwani, asikumbuke kuitua, mpaka jirani yake wa ng'ambo ya njia, Scolastica, alipokuja akamtua. Mvua zote zilizobaki alilala chumba cha mbele, turubai limefunika palipo wazi.

Kiangazi Shadrack alikuja kutoka Tabora, alikokuwa mwalimu. Alizunguka nyumba mara mbili, akainua matofali yaliyoanguka. Mengi yalikuwa yamevunjika.

"Mama, matofali ya saizi hii siku hizi hayapo," alisema. "Tukichanganya na haya madogo, ukuta hautashikana. Twende Tabora. Chumba chako kipo."

"Najua kipo, mwanangu, na nakushukuru. Lakini mimi nikilala kwingine siwezi kupumzika."

"Hata ukuta ukiwa haupo?"

"Kuta tatu zipo."

Apollinarie, mume wa Scolastica, alikuwa amekuja kumsalimu mgeni. Aliyasikia hayo yote, akanywa chai yake, akaaga.

Asubuhi Theopista aliamshwa na nyundo. Alipotoka akamkuta Apollinarie juu ya jiko lake mwenyewe, anang'oa bati. Masufuria ya Scolastica yalikuwa yameshapangwa nje kwenye majani.

"Baba Kelvin, unafanya nini?"

"Natoa matofali yako, mama Shadrack."

Akashuka, akajifuta vumbi. "Nilipofika hapa na mke wangu hatukuwa na kitu. Mzee Isidori alinichukua mpaka nyumba ya mwisho kule, ilikuwa haina hata paa. Akaniambia mke mgeni hapikii mvuani. Tukabomoa wote wawili, akanisaidia kubeba, akanijengea jiko hili. Wewe ulitupikia ugali siku hiyo. Ni matofali yaleyale, aliyachoma mwenyewe."

Theopista alikumbuka ugali. Alitaka kukataa, akaishia kuuliza: "Na nyie mtapikia wapi?"

"Kwako," alijibu Scolastica. "Jiko lako si lipo?"

Basi kazi ikaanza. Shadrack alivua shati la ualimu, akakaa chini na panga butu, akawa anakwangua udongo uliokauka kwenye matofali. Mchana Mabula, mfugaji wa Kisukuma anayeishi Kasokola, alipita na mkokoteni wa ng'ombe. Alisimama, akauliza, akageuza ng'ombe kwenda mtoni kuleta mchanga. Theopista alipomwambia asijisumbue, Mabula aliwavuta ng'ombe wake tu.

"Tulipotoka Shinyanga na mifugo, mke wangu Nyanzala aliugua njiani," alisema. "Alilala chumba hiki mpaka akapona. Acha nilete mchanga, mama."

Wakati wa kukwangua Shadrack alimuuliza mama yake nani alikaa nyumba ipi. Hakuwahi kuuliza. Theopista akanyoosha mkono kuelekea kwenye nyasi ndefu, akawataja: kule Mkonongo aliyecheza zeze, pale Wafipa wenzake Isidori waliogombana kila Jumamosi na kupatana kila Jumapili, pale Mrundi ambaye mkewe alimfundisha kusuka mikeka. Alipomaliza, Shadrack aliendelea kuutazama mstari ule wa nyasi.

"Yote hayo imebaki nyumba hii tu kuyaonyesha," alisema.

"Ndiyo."

Neno la Tabora halikutajwa tena. Msingi ulichimbwa upya, ukajazwa mawe, ukuta ukapanda. Matofali ya jikoni yalikuwa meusi kwa moshi wa miaka mingi, na fundi aliyeitwa na Shadrack alitaka kuyapiga lipu yafichike. Theopista akamwomba ayaache yaonekane.

Scolastica alipikia kwake kiangazi chote. Wanawake wawili waligawana mafiga, wakagawana chumvi, na jioni watu wa nyumba zote mbili walikula sinia moja. Kabla ya mvua Apollinarie alimaliza jiko jipya la matofali madogo. Kesho yake asubuhi Theopista aliwasha moto peke yake, akaona jiko limekuwa kubwa mno. Haukupita muda Scolastica akatokea mlangoni na sufuria ya maharage kiunoni.

"Lile jipya linatoa moshi," alisema.

"Ingia," Theopista akamwambia, akasogeza kigoda.