Vibuyu Visivyo na Mdomo

"Mwaitu, mama yangu, hivi vibuyu vyote umevinyima midomo. Kibuyu bila mdomo mtu atakinyweaje?"

"Si vibuyu," Syokau akasema. "Na kama kuna kitu kingenyimwa mdomo hapa Ikutha, hakingekuwa kibuyu."

"Basi ni macho."

Tangu asubuhi Wavinya, mke wa mwanawe Mutunga, alikuwa akilizunguka neno hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Sasa alikuwa ametaga. Mutunga alishasema: kiondo hiki kikikataliwa na mnunuzi, mama anawacha kusuka, anahamia kwake Kitui mjini akapumzike. Syokau alikuwa amechoka kweli, amechoka mpaka kivuli chake kilikuwa kikimtangulia kulala. Lakini kukaa kwa kochi la watu, mikono mitupu mapajani, hiyo aliiita kuzikwa ukipumua.

Viondo viwili vilikaa mkekani, cha Syokau na cha Wavinya. Vyote vilisukwa kwa kufuata picha moja, ambayo Zulekha, mwenye duka la viondo Kitui, aliituma kwa simu ya Wavinya, na leo alikuwa anakuja kuvikagua. Wavinya aliona vibuyu vyeusi, shingo nyembamba, tumbo kubwa, vimepangwa kuzunguka. Syokau hakuona kibuyu hata kimoja. Aliona ule weupe ulio katikati ya weusi: mwanamke amelemewa na mzigo wa kuni, mpana juu, miguu myembamba chini. Akahesabu nyuzi za wanawake. Mizigo yao ilipotimia akafunga ukingo, na vibuyu vikabaki hapo, shingo bila midomo.

"Leta sindano," Syokau akasema.

Akapitisha uzi mara moja, bila hata kulamba ncha.

"Haya, macho ni mazima," Wavinya akasema. "Basi ni akili."

"Weka kidole hapa."

Wavinya akaweka, kwa uvivu. Kwenye paji la uso la mama mkwe kulikuwa na bonde, mahali mukwa, ule mshipi wa ngozi wa kubebea mizigo, ulipokaa miaka hamsini.

"Kuni nilizobeba kutoka Makueni zilikuwa nzito mpaka Mto Athi ukapinda kunipisha. Nenda uone, bado umepinda. Wewe umeolewa gesi iko jikoni. Kichwa chenye bonde kama hili, ukikiwekea picha, kitaona nini kingine?"

"Mwaitu, hata mto unausingizia."

"Ziba weusi kwa viganja. Angalia palipobaki."

Wavinya akapiga miayo, akaziba. Akakaa hivyo kwa muda, kichwa upande.

"Woi," akasema polepole. "Yuko. Na ameinama."

Akavuta kiondo chake mwenyewe, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Hata kwangu wamejaa. Vibuyu vyangu navitafuta sivioni."

"Hawaendi popote hao. Mimi nimewabeba mpaka leo."

Mbuzi akapita mlangoni, akatazama ndani, akaenda zake.

"Sasa," Syokau akauliza, sauti imeshuka, "utamwambia Mutunga nini?"

Wavinya akafungua mdomo.

"Hodi hapa."

Zulekha aliingia, buibui limejaa vumbi la bodaboda. Kabla hajakaribishwa aliinama, akaokota kiondo kilichokuwa karibu, kile cha Syokau. Akakizungusha mara moja. Mkono ukasimama.

"Na huyu mama," akauliza, "anapeleka wapi kuni zote hizi?"