Pete ya uchumba ilivyokwama kidoleni mbele ya ukoo mzima, Rukanga

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Voi, ambako leo jua limeamua kutukaanga.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Leo nina langu, na nitalisimulia vile lilivyotokea. Sina haja ya kuongeza chumvi, aibu yenyewe ilikuwa imekolea.

Mimi ni fundi wa friji na AC, kazi zangu nyingi ziko kwenye lodge za upande wa Tsavo. Mchumba wangu tumwite Mghoi. Ni physiotherapist, na wagonjwa wake wengi ni watoto wadogo, wale wa kufundishwa kukaa, kushika, kutembea. Mikono yake ndiyo ofisi yake.

Nilipoamua namwoa, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mamangu. Yeye anaishi Mahoo, analima ndizi.

Alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na kichupa cha dawa. Ndani kulikuwa na pamba, na ndani ya pamba jiwe dogo la kijani. Tsavorite, kito cha huku kwetu Tsavo. Marehemu baba alichimba madini upande wa Kasigau kabla sijazaliwa. Alichopata aliuza, hili akabakiza.

"Babako alisema ni la pete yangu," mama akaniambia. "Halafu mkaanza kuzaliwa, mambo ya pete yakaisha. Mpelekee Mghoi."

"Lakini mama, hili ni lako."

"Ndiyo maana naweza kulipeana."

Wakuu, niliendesha pikipiki kutoka Mahoo hadi Voi nikiwa na kile kichupa kwenye mfuko wa shati, mkono mmoja kila saa unakigusa. Msiige.

Hapa Voi kuna sonara, mama wa Kimombasa, nitamwita Bi Zuhura. Nikamfungulia ile pamba. Akaligeuza jiwe kwenye mwanga, akaniuliza nataka likalishwe vipi kwenye pete.

Sasa hapa kwa wale hawajawahi kununua pete, kama mimi wakati ule: jiwe linaweza kushikwa na makucha madogo ya dhahabu, likakaa juu juu na kumeta sana. Hizo ndizo unaona kwenye simu. Au linazungushiwa ukuta mwembamba wa dhahabu, likalala chini. Halimeti sana, lakini limefungwa.

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa makucha. Nilitaka watu waione kutoka mbali.

"Huyo bi harusi afanya kazi gani?" Bi Zuhura akauliza.

Nikamwambia.

"Basi makucha yatawakwaruza watoto wa watu. Na hili jiwe lina kipande kimebanduka hapa pembeni, waona? Likigongwa litazidi."

Nikakubali ukuta, shingo upande.

Halafu swali la pili. Size.

"Mlete mwenyewe nimpime," akasema.

"Hapana, ni surprise."

Akacheka. "Haya, basi niletee pete yake yoyote."

Mghoi havai pete. Nikamtafuta dadake, Wakesho, na yeye akakumbuka kuna moja ya urembo Mghoi alivaa kwenye harusi ya binamu yao. Akaniletea kwa siri. Bi Zuhura akaivika kwenye kijiti chake cha kupimia, akaandika, kazi ikaanza.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ile pete ilivaliwa mkono gani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, kwa nyanya yake, Rukanga. Nyanya alikuwa ameugua sana na akapona, kwa hivyo ukoo ulikuwa umekuja kwa maombi ya shukrani. Mama Mghoi nilikuwa nimemwomba ruhusa mapema, akanibariki. Pasta alipomaliza, kabla chakula hakijapakuliwa, nikapiga magoti hapo uani.

Akasema ndiyo. Hilo andikeni kwanza.

Nikachukua mkono wa kushoto, nikavisha. Pete ikafika kwenye kifundo cha kidole, ikagoma. Nikasukuma kidogo. Ikagoma. Watu wamenyanyua simu, vigelegele vimeshaanza, jasho linanitoka hadi masikioni. Mghoi akaniangalia, akauvuta mkono wake, akaisukuma mwenyewe kwa nguvu. Ikapita.

Machozi yakamtoka. Watu wakasema ni furaha. Hata mimi.

Tukakaa kula. Nikaona hagusi pilau. Baadaye akaniinamia: "Twende nyuma ya jikoni. Usikimbie."

Kidole kilikuwa kimevimba, kimeanza kuwa zambarau.

Tukajaribu sabuni. Tukajaribu mafuta ya kupikia. Wakesho akaanza kulia na kuuliza ni nani ana koleo. Kufikia hapo nusu ya ukoo ilikuwa nyuma ya jikoni, na mimi katikati nikitamani ardhi ipasuke.

Mghoi peke yake ndiye alikuwa ametulia. "Leteni uzi wa kushonea wa nyanya."

Akanielekeza, kwa sababu mkono mmoja hautoshi. Ncha ya uzi nikaipitisha chini ya pete. Ule mrefu nikauzungusha kidoleni, kaza kaza, hadi kupita kifundo. Kisha nikashika ile ncha ya kwanza na kuanza kufungua, huku pete ikisogea nyuma ya uzi.

"Vuta. Usinihurumie."

"Naumiza."

"Najua. Vuta."

Ikatoka. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Ndipo akaniambia. Alipokuwa msichana mdogo, ndovu waliingia shambani hapo hapo Rukanga. Yeye alikuwa amembeba ndugu yake mdogo mgongoni. Akakimbia, akajikwaa, na ili mtoto asigonge chini akautanguliza mkono wa kushoto. Kidole kikavunjika. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari hakuna, nyanya akakifunga na vijiti na kitambaa. Kikapona, lakini kifundo kikabaki kinene. Ile pete ya harusi ya binamu aliivaa mkono wa kulia.

Nyanya alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi ndiye nilikifunga vibaya," akasema.

"Nyanya, ulikifunga," Mghoi akamjibu. "Ndiyo maana leo ninacho."

Yule ndugu aliyebebwa alikuwepo pia, jamaa mkubwa sasa, ana ndevu. Alikuwa anajua hadithi ya ndovu, ya kidole hakuwahi kuambiwa. Akaweka sahani yake chini, akaondoka pale.

Jioni nikamuuliza Mghoi mbona hakunizuia pale pale.

"Ulikuwa umepiga magoti, Mwakio. Nyanya alikuwa anapiga vigelegele na juzi tu tulikuwa tunamlilia. Ningesema nini?"

Uvimbe ulipoisha tukaenda pamoja kwa Bi Zuhura. Akapima kifundo, akapima chini ya kifundo, akaguna. Akaipanua pete. Ikapita vizuri, lakini ikifika chini inazunguka, jiwe linaenda upande wa kiganja. Akaomba tumwachie afikirie.

Tuliporudi, alikuwa ameunganisha vipunje viwili vya dhahabu upande wa ndani, chini. Unaivisha kwa kuilaza kidogo, ikishapita kifundo vinaikamata isizunguke.

Mghoi hakuivaa mara moja. Kwanza aliipitisha shavuni mwake, polepole, upande huu na ule, akitafuta mahali pa kukwaruza. Hakupata.

"Ungeniletea ya makucha ningeifungia kabatini," akaniambia.

Bi Zuhura akajifanya hasikii.

Kisha Mghoi akaivaa. Akakunja vidole, akakunjua. Jiwe la baba likakaa pale juu, limetulia.

"Sasa niulize tena," akasema. "Ile siku nilikuwa na maumivu, sikusikia vizuri."

Wakuu, nilipiga magoti kwenye sakafu ya duka, kati ya mteja aliyekuja kurekebisha hereni na mwingine wa saa.

Nilichojifunza: pima kifundo, si shina la kidole peke yake. Uliza mkono gani. Pima mchana, maana kwa joto letu kidole cha asubuhi si kile cha saa nane. Na kabla ya kuchagua setting, yaani jiwe litashikwa vipi, fikiria mikono ya mwenye kuvaa inashinda ikifanya nini. Surprise iwe ni siku, size muulize mwenyewe.

Zaidi ya yote nashukuru. Mama yangu, Bi Zuhura, nyanya na vijiti vyake, na huyu dada aliyesema ndiyo mara mbili.

Walio na pete vidoleni, mlipimaje? Na wale zilizowakwama, jitokezeni, nisibaki peke yangu kwenye hii aibu.