Mhunzi Aliyezikwa Mwanzoni

Katika chumba cha dobi cha hoteli ile, nguo haiingii mashineni kabla haijapita mikononi mwa mwanamke wanayemwita Bi Mifuko. Huishika suruali ya mgeni kichwa chini, huikung'uta, kisha hutia vidole viwili katika kila mfuko mpaka kwenye pindo. Ameshatoa humo kalamu zinazovuja, pete, jino la bandia, na mara moja mjusi aliye hai, ambaye alimtazama kama anayeulizwa habari za mtu mwingine. Kazi yake ni kutoiamini nguo. Anaifanya vizuri, na wenzake wanasema haiachi hata akishavua aproni.

"Huyu ukimwambia habari za asubuhi, anakuangalia kwanza una maana gani," husema shoga yake wa mashine ya kukausha.

"Kwani wewe huwa una maana gani?" hujibu Bi Mifuko.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa mama yao, na nyumbani hakuitwa jina lingine ila Kitinda. Kijana alikwenda mbali, ng'ambo ya mpaka, kufunga lifti katika majengo marefu. Alikuwa akiandika kwenye simu mara kwa mara: leo tumefika ghorofa ya juu, leo upepo ulitaka kunichukua, msalimie mama. Kisha siku moja ukaja ujumbe kutoka nambari ileile: Narudi. Nina mizigo mingi. Njooni wote stendi mnipokee.

Wakaenda wote. Mama alivaa gauni jipya. Mume wa Bi Mifuko aliomba ruhusa kazini. Mabasi yaliingia, yakashusha watu, yakaondoka. Kila mlango uliofunguka mama alisimama, na kila mara alikaa tena taratibu, akijirekebisha gauni kama vile alisimama kwa ajili ya hilo tu. Jua lilipoanza kuinama walirudi nyumbani wakakuta mlango uko wazi. Televisheni haikuwepo, cherehani haikuwepo, wala magodoro. Mapazia yalikuwa yameshushwa na kuchukuliwa. Chakula walichomwandalia mgeni kilikuwa kimeliwa chote, na sahani zimepangwa vizuri kwenye beseni.

Nambari ile haikupatikana tena. Polisi waliuliza maswali yao, wakaenda zao. Mume wake alisema, mara moja tu, kwamba huenda aliyewaita stendi ni Kitinda mwenyewe. Hakurudia, maana alivyotazamwa hakutamani kurudia. Lakini neno lilishatoka, likakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Walihama mtaa. Wakabadilisha laini za simu, na Bi Mifuko akafunga kurasa zake zote za mtandaoni, mtu yeyote asijue tena wako wapi. Ilimpitia akilini baadaye, akiwa amesimama mbele ya pasi ya mvuke, kwamba kama mdogo wake yu hai na anawatafuta, basi mlango huo ameufunga yeye kwa mikono yake.

Mambo yalikaa hivyo mpaka siku shoga yake alipokuja na simu mkononi wakati wa mapumziko.

"Bibie, wameitoa gemu ya zile filamu zako za utotoni. Walinzi wa Mlima Bubu. Unatengeneza mtu wako, unampa upanga, unazunguka naye dunia nzima."

"Nani amekuambia ni nzuri?"

"Watu."

"Watu gani?"

Bi Mifuko akaichukua simu, akaenda moja kwa moja kwenye maoni ya wachezaji, akaanza na walioipa nyota moja. Walioipa tano hakutaka hata kuwasoma; alisema kusifiwa kwa namna ile hakuji bure. Mmoja alilalamika kwamba farasi wanatembea kinyumenyume. Mwingine aliandika kwamba amezitazama filamu tangu akiwa na meno ya utoto na waliotengeneza gemu hii wamfuate kwake wamuombe radhi. Wa tatu hakuziona filamu kabisa, akaapa kwamba hajawahi kufurahi hivi, wakamrukia kumi kwa pamoja wakimwambia anyamaze. Bi Mifuko alicheka, akaendelea kushuka. Kisha akaacha kucheka.

Mchezaji aliyejiita Nyundo Baridi alikuwa ameandika hivi: "Mmeharibu kila kitu. Mhunzi anazikwa MWANZO. Kisha anafufuka, ndiyo maana analijua joka. Nyinyi mmemweka hai mwanzo mkamuua mwisho, sasa hadithi ina faida gani?"

Chini yake watu walikuwa wakimcheka. Umeota, kaka. Mhunzi hafufuki popote. Nenda kazitazame tena.

"Umeona nini?" shoga akauliza. "Mbona umebadilika?"

Aliona sebule ya wazazi wake, deki juu ya meza ndogo, na kanda tatu za video alizozileta baba kutoka kwa mwenye kuazimisha. Vibandiko vya kanda vilikuwa vimechanganywa. Iliyoandikwa ya kwanza ilikuwa kwa kweli ya tatu, na ilifunguka na maziko ya Mhunzi mlimani, theluji ikimwangukia kifuani. Waliitazama hivyo, ya mwisho ikiwa mwanzo, na walipomwona Mhunzi mzima katika kanda iliyofuata waliamini amefufuka. Kanda hazikurudishwa kwa wakati. Walizitazama hivyo mpaka mkanda ukaanza kukatika. Bi Mifuko aliujua mpangilio wa kweli ukubwani, kwenye televisheni ya saluni, na ilimuuma kama mtu aliyeambiwa siku yake ya kuzaliwa si ile.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema. Palepale akajisahihisha. "Au ni mtu anayemjua mdogo wangu."

Maana waliotazama sebuleni hawakuwa wawili. Dirisha lilikuwa wazi, na nusu ya mtaa ilijazana pale, wengine wamebebana. Na aliyewaita stendi naye alijua mengi: alijua namna Kitinda anavyoandika, alijua watakwenda wote. Machale yalimcheza. Aliipakua gemu, akajiita Asiyejulikana, akaandika chini ya maoni yale:

"Nani alilia Mhunzi alipozikwa?"

Jibu lilikuja kesho yake. "Wewe ni nani?"

"Jibu kwanza."

"Sijibu mtu nisiyemjua. Kuna mtu alishajifanya dada yangu, akanizungusha. Kama ni wewe tena, umenikosa."

Alisoma mara kadhaa, mvuke wa pasi ukimpanda usoni. Hakuwa amefikiria kwamba upande wa pili napo kuna mtu anayepekua mifuko. Akaandika: "Tulilia wote wawili."

"Uongo. Dada yangu hakulia. Nililia mimi, yeye alicheka, baba akamtoa nje."

"Mimi nilicheka?" Vidole vilimtangulia. "Ulicheka wewe! Nikatolewa nje mimi kwa kosa lako, na hujawahi kusema pole!"

"Uliyecheka ni wewe! Na ulikuwa na ndala zangu!"

Wachezaji wengine walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mmoja aliandika hapa tunajadili gemu, nendeni mkagombane kwenu. Mwingine alisema hawa ni mume na mke. Wa tatu akawaomba waendelee, maana ni bora kuliko gemu yenyewe.

Shoga yake alisoma begani kwake, akapiga makofi kwa kicheko. "Bibie, tapeli gani anakugombeza hivi? Tapeli angekukubalia kila kitu. Huyo ni ndugu yako huyo."

"Tapeli mwerevu angebisha."

"Wewe nawe!"

"Niliyempoteza ni wangu, si wako," alisema Bi Mifuko, na shoga akarudi kwenye mashine yake.

Jioni alimweleza mama. Bibi kizee alikuwa kitandani ameegemea ukuta, akifungua fundo la uzi alilokuwa akihangaika nalo wiki nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, asiinue macho.

"Nilicheka mimi," alisema.

"Wewe, mama? Baba akanitoa nje mimi?"

"Baba yako hakuona. Alisikia tu kicheko, akamshika aliyekuwa karibu."

"Sasa ulicheka nini kwenye maziko?"

"Hilo sikuambii."

"Mama!"

"Nikikuambia utaliandika huko kwenye simu, walione watu wote. Mwambie nataka kuisikia sauti yake. Nitamuuliza mwenyewe."

Bi Mifuko alimtazama mama yake kwa muda, na kwa mara ya kwanza alijua tabia yake imetoka wapi.

Gemu ile iliruhusu wachezaji kukutana mahali popote na kusemezana kwa sauti. Nyundo Baridi alikubali, kwa shingo upande. Akachagua mahali: penye kaburi la Mhunzi, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Aliposoma hayo, Bi Mifuko aliilaza simu kifudifudi. Njoo mahali fulani. Njoo siku fulani. Alishaitwa hivi.

"Lakini huendi popote," mume wake alisema. "Utakaa hapo kwenye kochi."

"Ndivyo watakavyotaka nifikiri. Macho kwenye simu, masikio kwenye simu, mtu anaingia mlango wa nyuma."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Ukae mlangoni."

"Mke wangu, watu wakipita wataniuliza nafanya nini."

"Waambie unapunga upepo."

Na Jumapili ile mwanamume mzima alikaa kwenye kiti cha jikoni nje ya mlango wake, mwiko umelala mapajani, kwa sababu hakupata kitu kingine cha kulindia nyumba. Mlango wa nyuma ulizuiliwa kwa kabati. Madirisha yalifungwa, na joto likawa kali. Mama aliletwa kwenye kochi, amevaa gauni jingine, si lile la stendi. Lile hakuwahi kulivaa tena.

Ndani ya gemu, mtu wa Bi Mifuko alipanda mlima kwa shida, maana alikuwa bado hajui kumtembeza vizuri na mara mbili alimwangusha mtoni. Kaburi lilikuwa juu kabisa, jiwe jeusi lenye theluji. Palikuwa na mtu amesimama, mrefu, nyundo begani. Hakusogea.

Akawasha sauti. Kulikuwa na mvumo kama wa feni.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa nzito kuliko aliyoijua. Ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Ingeweza kuwa ya mtu yeyote.

"Taja wewe kwanza."

"Nimekuwekea mahali, nimekuja peke yangu. Zamu yako."

"Na mimi niko peke yangu."

"Uongo. Nasikia mtu mwingine anapumua."

Mama alinyoosha mkono akachukua simu. Aliishika mbele ya mdomo kama mtu anayetaka kuipuliza.

"Mimi ndiye ninayepumua," alisema. "Siku ile ya maziko nilicheka nini?"

Feni iliendelea kuvuma. Kule mlimani theluji ilianguka juu ya watu wawili wasiosogea. Bi Mifuko aligundua kwamba ameshika pindo la gauni la mama, na kwamba analibonyeza kwa vidole viwili.

"Nilikuwa mapajani kwako," sauti ilisema. Ilikuwa imepungua. "Nilikuwa nalia. Ukaniinamia sikioni ukaniambia nisilie, nimtazame jicho. Maiti alipepesa macho, mama. Ukacheka. Ukasema huyo hajafa huyo, ila usimwambie dada yako, mwache aone maziko yake kwa raha. Ndiyo maana mimi nilijua atafufuka. Nilijua kabla ya kanda ya pili. Na hadi leo nikiulizwa nani alicheka, namtaja dada, siri yako isitoke."

Mama aliirudisha simu kwa binti yake, akageukia ukuta, na mabega yake yakaanza kwenda juu na chini.

"Mama? Dada, amefanya nini? Analia?"

"Ulikuwa wapi?" Bi Mifuko aliuliza.

Akaeleza, bila mpangilio, kama mtu aliyesubiri kuulizwa muda mrefu mpaka maneno yakachanganyika. Simu iliibwa na mwenzake wa chumba, fundi kama yeye, ambaye usiku walikuwa wakisimuliana habari za kwao. Alipopata nyingine alipiga nyumbani, laini zimekufa. Alirudi mara moja akakuta wapangaji wageni, na jirani akamwambia familia ilihama bila kuaga. Alifikiri wamemkimbia yeye. Alitafuta mtandaoni akachoka.

"Huyo mwenzako ulimsimulia na habari ya jicho?"

"Hilo sikumsimulia mtu."

Na moyo wa Bi Mifuko, uliokuwa umeshaanza kulegea, ukasimama tena. Hivyo hasa ndivyo angesema mwenzake wa chumba. Mama amekwisha kuamini. Angeamini hata kwa nusu ya maneno yale. Siri ilikuwa ya watu wawili, yeye hakuwemo, hana cha kuipimia. Mtu pekee aliyebaki na akili ya kushuku katika nyumba hii ni yeye, na kama akikosea leo, upande wowote ule, hakuna atakayemrekebisha.

Alitazama skrini. Mtu mrefu alikuwa ameishusha nyundo na kuilaza kwenye theluji. Mchezaji yeyote anajua kwamba mlimani pale hakuna anayeweka silaha chini. Mbwa mwitu hawakawii.

"Bado sijakuamini," alisema.

"Hata mimi," sauti ilijibu. "Unauliza kama polisi. Dada yangu hakuwa hivyo."

"Amekuwa."

Mbwa mwitu wa kwanza alitokea nyuma ya jiwe, Bi Mifuko akaisogeza mbele ngao ya mtu wake, akaikosea, akaisogeza tena mpaka ikamfunika yule mrefu.

"Niambie basi," sauti ikasema, "nikate, au niendelee kusema?"

"Sema," alisema. "Sema chochote. Usikate."