Mwanamke Aliyekuwa Akikandika Ukuta

Najua wengine mtasema niliota. Sikuota. Jua lilikuwa halijazama, na udongo ule ulichafua mkono wangu mwenyewe.

Ni mwaka ule Mdachi alipofikisha reli Morogoro. Mama alikuwa na ugonjwa wa kifua, na baridi ya kwetu milimani ilikuwa ikimmaliza. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wetu, akapata nyumba kuukuu ya miti na udongo mjini, tukaenda wawili kuiona, mwenye nyumba akatupokea mlangoni.

Kuta zilikuwa zimekandikwa upya, laini kabisa. Kwetu ukuta uliokandikwa upya ni heshima kwa mgeni, basi mjomba akafurahi. Mimi nilitazama chini kwa haya.

"Mpwa wangu, umekuja kununua nyumba au kuchumbia?" akanitania. "Ingia uangalie. Ukuta hauumi."

Nikaingia peke yangu. Katika chumba cha nyuma alikuwamo mama mtu mzima, amechuchumaa, anakandika. Kaniki yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, asiitikie. Mmewahi kumwamkia mtu mzima akanyamaza? Alinishika mkono, akanididimiza kidole penye shina la nguzo. Kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva.

"Imeoza," akasema. "Nakandika kila siku, maji yanapanda. Usimlaze mama yako hapa."

Niaminini, sikuwa nimemtajia mama.

Nilitoka nikamwuliza mwenye nyumba yule mama ni nani. Akasema nyumba haina mtu tangu mkewe alipofia mle masika yaliyopita. Kuta, akaongeza, amezikandika yeye mwenyewe. Mjomba akacheka, akasema nimeogopa giza la chumbani. Nilitaka kumpeleka kwenye ile nguzo. Lakini mpwa ambishie mjomba mbele ya muuzaji? Nikaficha nyuma mkono wangu wenye udongo. Wakakubaliana.

Masika yalipoanza, unyevu ulipanda ukutani hadi usawa wa kitanda. Nikikandika jioni, asubuhi umelowa tena. Mama alikohoa mwezi mzima, tukamzika. Wiki hiyohiyo ukuta wa nyuma ukaanguka. Hadi leo kidole kile hakipati joto, hata nikikiweka karibu na moto.

Wewe unayetafuta nyumba kuukuu, nenda kaione mvua inaponyesha. Kwangua udongo mpya, choma kisu chini ya kila nguzo. Ukiona ubovu, sema papo hapo, hata mbele ya mjomba. Mimi niliona haya, na aliyelala mle ni mama yangu.